Somo la Mbegu Nyumbani kwa Mama Guylain

Jumamosi za zamani, pale Mapendo, mtaa wa Goma, zilikuwa na sauti ya Donat. Nyundo ilinyamaza mchana, vumbi la mbao likafagiliwa, na kabla hata hajanawa mikono vizuri alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake la useremala, kitabu cha masomo ya kanisa kimefunguka juu ya magoti yake. Apolline, mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita mama Guylain kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikaa mlangoni na ungo wa maharagwe, akitoa vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu. Donat alisoma, akakohoa, akarudia. Akasoma tena. Hata mtu aliyepita njiani na mawazo yake alijikuta anapunguza mwendo.

Ukimwuliza leo mama Guylain raha ni nini, hatakutajia harusi yake wala siku walipomaliza kuezeka nyumba. Atakutajia Jumamosi zile, harufu ya mbao mbichi, na mume wake akisema neno moja mara tatu mpaka alipende. Na usimharakishe akianza kusimulia, kwa sababu hapo hasimulii kwa ajili yako.

Jambo ambalo hakulisema kwa mtu yeyote ni kwamba hakujua kusoma. Alizaliwa upande wa Lubero, milimani, binti mkubwa wa nyumba. Mwaka ambao angeanza shule mama yake alijifungua mapacha, na alihitajika mtu wa kuwabeba. Mapacha wakakua, wakaenda shule wao, na hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mtu anawadai zamu yake. Alipoolewa Goma alikuja na sufuria mbili na akili isiyosahau kitu. Wimbo aliousikia mara mbili ulikuwa wake. Somo alilolisikia Jumamosi kutoka kwa Donat, Jumapili alikuwa anaweza kulisema mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kikohozi.

Akiletewa karatasi, alimsukumia Donat. "Nisomee, macho yananiuma." Macho yalimuuma kwa muda wote wa ndoa yao, na Donat hakuuliza hata siku moja ni macho ya aina gani hayo, yanayoona tundu la mdudu kwenye punje ya haragwe na yasiyoona herufi kubwa ukutani. Alichukua karatasi, akaitazama kwa muda, akasema ilichosema. Ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri.

Donat alikufa mwezi wa nane, moyo ulisimama akiwa anapiga randa mbao ya chukudu, kile kigari cha mbao wanachosukumia mizigo. Wenzake walimtengenezea jeneza kwa mbao zake mwenyewe. Watoto walikuja kutoka Butembo na Kiwanja, wakalia, wakarudi kwenye shughuli zao, na nyumba ikawa na ukimya ambao Apolline hakuujua. Jumamosi ya kwanza alikaa mlangoni na ungo, akachagua maharagwe yaleyale mara mbili.

Sasa, familia za jirani pale wana shirika lao la sala, wanakutana kila wiki, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Na desturi ya shirika lao ni moja, haina mjadala: nyumba inayopokea ndiyo inayosoma. Hukodi msomaji, huazimi mdomo wa jirani. Donat alipokuwa hai, zamu ya nyumba yao ilikuwa sikukuu. Watu walikuja na viti vyao kutoka mbali. Donat alipokufa, zamu ya kwanza ilimwangukia mjane wake katika wiki ya kwanza ya Majilio, na hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Mke wa Donat ashindwe kusoma?

Apolline hakuogopa sana. Somo la wiki ya kwanza ya Majilio alilijua. Alikuwa amelisikia mwaka uliotangulia, mlangoni, na ungo mapajani. Aliwapokea watu, akafungua kitabu mahali palipokuwa na utepe, akasimama wima, akalisema lote kwa sauti tulivu, akigeuza ukurasa pale alipoona inafaa kugeuza.

Lakini masomo ya kanisa huzunguka kwa miaka mitatu. Kila mwaka una yake, na ya mwaka jana hayarudi mwaka huu. Mtu anayesoma analiona hilo limeandikwa juu ya ukurasa. Apolline alikuwa amesikia masomo tofauti mwaka hadi mwaka, lakini alidhani ni msomaji anayechagua, kama mwimbaji anavyochagua wimbo. Alipofika katikati aliona vichwa vimeinama kwenye vitabu, vidole vinapekua mbele na nyuma, vinatafuta, halafu kimoja baada ya kingine vinaacha kutafuta. Akaendelea mpaka mwisho, kwa sababu hakujua namna ya kusimama katikati ya kitu anachokijua kwa moyo.

Muzee Josias, mkubwa wa shirika, alingoja mpaka Apolline akakaa.

"Aksanti, mama Guylain," akasema polepole. "Ile ni ya mwaka yenye iliisha. Ya huu mwaka, mama Mukashyaka atatusomea."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walitazama sakafu, watu wazima kwa watoto, na Mukashyaka, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa Rutshuru mwenye sauti ya chuma, akasoma somo lenyewe bila kukwama hata mara moja. Apolline alimchukia kwa roho yote mpaka amina ya mwisho.

Baada ya siku chache Josias alirudi peke yake. Akakaa, akakubali chai, akazungumza habari za vumbi, bei na magoti yake, mpaka Apolline akajua kwamba jambo lililomleta ni zito.

"Mama, mu mwezi ya saba zamu itarudia huku kwako," Josias akasema mwishowe. "Na somo itakuwa ile ya mbegu. Kama inakushinda, mama Mukashyaka anaweza soma. Weye utapokea tu batu."

Somo la mbegu! Mkulima anayetoka kupanda, na mbegu zake zinaanguka huku na huku. Hilo lilikuwa la Donat kuliko masomo yote. Alilisoma hata nje ya wakati wake, akiwa na furaha, akiwa na huzuni, akingoja gundi ikauke. Watu wa shirika walimwomba alisome kwenye harusi.

"Muzee, ile ni somo ya Donat," Apolline akasema. "Mutu mwengine hataisoma mu nyumba yangu."

"Njo kusema utaisoma weye?"

"Nitaisoma."

Josias akatazama ndani ya kikombe chake, akamaliza chai, akaaga.

Aliyemwokoa ni yuleyule ambaye Apolline alimchukia. Mukashyaka alivuka barabara asubuhi moja, hakubisha hodi, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Weye mama, utaninunia mpaka lini?" akasema. "Ulifikiri nilizalikwa na kitabu mu mukono? Miye nilijifunza hapa Goma, na bajukuu tayari niko nabo. Kule kwa madamu Léonie, mu sali ya parokia. Leo saa kumi tunaenda bote, na usiniambie macho yanakuuma."

Watu wanapaita pale Alfa, kwa kifupi cha jina refu la Kifaransa la kufundisha watu kusoma. Ni ukumbi wa zamani wa parokia, bati linapiga kelele jua likichoma, ubao mmoja unapakwa rangi upya kila Krismasi. Wanasoma alasiri, soko likipoa. Hawalipishwi, daftari tu kila mtu anakuja na lake. Wamama wanakuja na watoto mgongoni. Kuna ngazi tatu, na mtu akikosa wiki kwa sababu ya ugonjwa au matanga hafukuzwi, anakaa tena palepale alipoachia. Madamu Léonie alifundisha shule ya msingi mpaka akapumzika, halafu akaona kupumzika kunachosha. Siku ya kwanza alimpokea Apolline kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima, akamweka mbele, karibu na Ntirenganya, mwanamume wa pikipiki aliyekuwa amewasafirisha watu miaka mingi akizitambua njia kwa rangi za maduka, na ambaye kila mwenye duka akipaka rangi mpya alikuwa anapotea.

Apolline alifikiri atashinda kwa haraka. Kumbe akili yake isiyosahau ndiyo ikawa adui wake. Léonie aliandika maneno ubaoni, darasa likayasoma, na Apolline alikuwa ameshayameza. Kesho yake aliyataja yote kwa mpangilio, hata ubao ukiwa umefutwa. Léonie akabadilisha mpangilio. Apolline akataja uleule wa jana. Ntirenganya aliyekuwa anahangaika na silabi moja jasho likimtoka alimpita, mama mwingine naye akampita, na kufika Januari Apolline alikuwa wa mwisho. Alikuwa hasomi. Alikuwa anakumbuka tu.

"Mama, uko na kichwa ya ajabu," Léonie alimwambia darasa lilipotawanyika. "Sasa inatakiwa tuifungie inje kidogo. Hapa usikumbuke. Hapa uangalie."

Akamkataza kitabu cha kanisa kabisa. Akamwandikia maneno yasiyo na maana, maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote, ba-lo-ki, mu-ne-ta, ili kichwa kisiwe na mahali pa kukimbilia. Apolline aliona ni matusi. Alirudi nyumbani akisema hatarudi, na kesho yake alasiri alikuwa wa kwanza mlangoni. Nyumbani hakukuwa na sauti ya kumngoja, na mwezi wa saba ulikuwa unakuja.

Na macho, kumbe, yalikuwa yanauma kweli. Ulikuwa uongo ulipoanza, ukakomaa na umri. Léonie alimwona akikunja uso mbele ya ubao, akamwandikia karatasi ya kwenda kupimwa kwenye dispensari, naye Apolline akarudi na miwani mizito iliyomfanya Mukashyaka acheke mpaka akakaa chini. Lakini siku ile herufi ziliachana. Kila moja ilisimama mahali pake, na Apolline, akiwa njiani kurudi, alisimama mbele ya duka alilolipita tangu alipoolewa na kusoma ukutani, silabi kwa silabi, *su-ka-ri*. Akaingia akanunua sukari, ingawa nyumbani ilikuwepo.

Mwezi wa sita Léonie akamruhusu kufungua kitabu. Apolline alikuja nacho kimefungwa kwenye kitenge. Wakaketi wawili chini ya dirisha, wengine wameondoka, na Léonie akamtafutia ukurasa wa mbegu.

Alisoma kwa kidole. Mkulima akatoka. Mbegu zikaanguka njiani. Ndege wakaja. Kila neno lilikuwa pale, jeusi, likimngoja, na moyo wake ulijaa mpaka akaogopa. Zikafika za kwenye mawe. Na hapo mdomo ulikimbia mbele ya kidole, ukasema alichosema Donat siku zote: kwamba mwenye shamba alizionea huruma, akabeba kitunga, kikapu chake, akaenda mbali, akaleta udongo, akazimwagia juu ya jiwe, nazo zikashika.

"Mama," Léonie akasema. "Kitunga haiko."

"Iko."

"Onyesha miye."

Apolline akatafuta. Akapanda juu, akashuka, akageuza ukurasa, akarudi. Hapakuwa na kitunga. Hapakuwa na huruma. Mbegu za kwenye mawe zilikauka na habari yake ikaishia hapo. Hakuwahi kuona ajabu yoyote katika maneno ya Donat, na angeonaje? Mapendo yote imekaa juu ya jiwe la volkano. Tangu mlima ulipomwaga moto mjini, kila mwenye kabichi nyuma ya nyumba amezipanda kwenye udongo alioubeba kichwani, kutoka Kibati, kitunga baada ya kitunga. Yeye na Donat waliubeba pamoja.

Wakaendelea, na kitabu kikaendelea kumnyima. Palipokuwa na neno refu, Donat alikuwa ameweka jingine fupi. Palipokuwa na mstari mgumu, alikuwa ameuruka na kutia wake. Léonie alikuwa ameacha kusahihisha. Alimtazama tu, na baadaye akauliza kwa upole papa Donat aliishia darasa la ngapi.

"Aliniambiaka alimaliza primeri," Apolline akajibu, na akiwa bado anajibu akajua kwamba hakumaliza.

Alijua kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyefanya vilevile, tangu Desemba mpaka Januari, kwenye benchi la Alfa. Kikohozi kile kilikuwa cha mtu anayetafuta njia ya kuzunguka neno. Alasiri nzima ya Jumamosi kwa somo la ukurasa mmoja: alidhani ni uchaji, kumbe ilikuwa kazi, kazi ngumu kuliko randa. Na zile karatasi alizomsukumia, naye Donat akazitazama kwa muda mrefu kabla ya kusema! Mungu peke yake ndiye anayejua zilisema nini.

Alirudi nyumbani na hasira. Hakupika. Miaka yote ile mtu amelala kando yake na siri ileile, na hakuna aliyegeuka kumwambia mwenzake. Wangeweza kuja Alfa pamoja, wakakaa benchi moja, Donat akamcheka kwa *ba-lo-ki*, yeye akamcheka Donat. Alimtukana marehemu kwa Kinande, lugha ya kwao milimani, kwa majina ambayo hakuwahi kumwita akiwa hai. Halafu akakumbuka jinsi alivyokuwa akiinua uso kila akimaliza, akitazama mlangoni alipokaa yeye, akiuliza, "Imetoka muzuri?" Na yeye alikuwa akijibu imetoka. Ilikuwa imetoka vizuri kweli. Akalia kwa kumpenda.

Mwezi wa saba vumbi lilikuwa jingi, watu wakaja wamefunga pua kwa vitenge. Nyumba ilijaa. Muzee Josias aliketi karibu na mlango, Mukashyaka karibu na dirisha, na Léonie, ambaye si wa shirika lile, alikuja akakaa nyuma bila kuitwa. Apolline akasimama. Alivaa miwani, na safari hii Mukashyaka hakucheka.

Alisoma taratibu. Silabi nyingine zilikataa, akazirudia mpaka zikakubali. Mtoto mmoja akalalamika kwamba bibi anachelewa, akabanwa mdomo. Mkulima akatoka. Zikaanguka za njiani, ndege wakala. Watu walikuwa wanafuata kwenye vitabu vyao, na safari hii vidole vyote vilikuwa mahali pamoja na chake.

Alipofika kwenye mawe, walifunga vitabu.

Walivifunga karibu wote, bila kuambiana, wakainua nyuso. Josias alifumba macho. Midomo ya Mukashyaka ilianza kucheza kabla ya neno kutoka. Apolline akawatazama juu ya miwani, na akaelewa kwamba walikuwa wanangoja kitunga. Walikuwa na vitabu mikononi kila mara Donat aliposoma, na walijua kusoma. Walikuwa wamejua siku zote, wote, na hakuna aliyewahi kumwambia Donat kwamba hakipo, kwa sababu walitaka kiwepo.

Kuisema habari ya kitunga kulikuwa rahisi. Ilikuwa tayari mdomoni, yote, na kikohozi chake. Nani angemlaumu? Lakini kidole kilikuwa chini ya neno, na neno halikuwa lile. Alikuwa ameahidi kusoma. Alilitazama, akalivunja, akaliunganisha, akalitoa kama lilivyoandikwa. Zilikauka.

Halafu Mukashyaka wa sauti ya chuma akaanza kulia kwa sauti, na Josias akajifunika uso kwa kofia yake. Walikuwa wamemzika Donat mwezi wa nane, Apolline mwenyewe alitupa udongo, lakini mpaka mchana huu Donat alikuwa bado anasoma humu ndani. Sasa ameacha. Na aliyemnyamazisha ni mke wake, kwa mdomo wake, mbele ya watu, na katika yote waliyomfundisha kule Alfa hakuna aliyemwonya kwamba hili nalo ni sehemu ya kujua kusoma.

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akatafuta mstari kwa kidole mpaka akaupata. Somo lilikuwa bado halijaisha, kulikuwa na mbegu nyingine, na mtu wa kulisoma alikuwa ni yeye.